Basi Lililopita Likiwa Nusu Tupu

Sikilizeni, wanangu, kisa hiki ni cha kweli. Katika jimbo la Virginia, Marekani, sheria ilitenganisha watoto: weupe shule zao, weusi zao. Mjini Farmville shule ya weusi, Moton, ilijengwa mwaka 1939 kwa wanafunzi 180 hivi. Kufikia 1951 walizidi 450. Wakubwa, badala ya kuongeza madarasa, wakasimamisha mabanda yaliyofunikwa kwa karatasi za lami. Mvua ikinyesha, yalivuja. Baridi ikija, aliyekaa karibu na jiko alitokwa jasho, aliye mbali alisoma na koti mwilini.

Barbara Johns alisoma hapo. Asubuhi moja alirudi mbio nyumbani kuchukua chakula chake cha mchana, akaachwa na basi. Akasimama barabarani kungoja lifti. Basi la watoto weupe likampita, nusu ya viti vitupu. Mabanda alishayazoea, maana mtu huzoea mengi aliyozaliwa akayakuta. Lakini vile viti! Kumbe nafasi ipo, ila yeye amekatazwa.

Wazazi waliomba shule mpya mara nyingi, wakapigwa danadana. Barbara, msichana wa miaka 16, akateta kwa siri na wenzake wachache. Hapa ndipo ninapomstahi zaidi: hasira alikuwa nayo, lakini aliipangia mkakati. Tarehe 23 Aprili 1951 mwalimu mkuu akapigiwa simu kwamba wanafunzi wake wako matatani mjini. Alipotoka tu, shule nzima ikaitwa ukumbini. Pazia likafunguka, nani yuko jukwaani? Barbara! Akawaomba walimu watoke, akawahimiza wenzake wagome. Wakagoma, wiki mbili.

Wakawaandikia mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi. Mawakili wakasema hawatapigania jengo; watasimama nao wakidai utengano wenyewe ukome. Vijana wakakubali. Kesi yao ikaunganishwa na nyingine nne, na mwaka 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatamka kwamba kutenganisha watoto shuleni kunavunja katiba.

Msidhani wenye nguvu walinyamaza. Wazazi walikuwa wamekwisha kumpeleka Barbara Alabama, kwa ndugu wa baba yake, wakihofia usalama wake. Mwaka 1959 wilaya yenye mji wa Farmville ikaona heri ifunge shule zote za umma kuliko kuwachanganya watoto. Weupe wakafunguliwa shule binafsi. Watoto wengi weusi wakakaa bila darasa hadi 1964.