Kilo saba za mkononi: linapimwa begi au unapimwa mfuko?

Leo naomba tuongee kuhusu begi. Ndiyo, begi tu.

Hapa Lumemo safari ya wengi ni basi ama TAZARA, na kwenye basi mzigo ni makubaliano. Konda anakiangalia kiroba chako cha mchele, anakuangalia na wewe usoni, anataja bei. Unataja yako. Mnakutana katikati, kiroba kinaingia kwenye buti, safari inaanza. Hakuna sentimita wala nini. Sasa kijana wetu akipata tiketi ya ndege kwa mara ya kwanza, awe anakwenda kusoma au anakwenda kazini Uarabuni, anafika uwanja wa ndege wa Dar na akili ile ile ya stendi. Anaambiwa begi la mkononi ni kilo saba, la kwake lina kumi na moja, alipie au apunguze. Pale hakuna konda wa kubembeleza.

Vijana wanaokuja kuprinti tiketi wameniuliza hili mara nyingi sana. Bro, ndege inabeba watu zaidi ya mia mbili, itashindwaje na kilo zangu nne? Swali ni la haki kabisa. Jibu langu ni kwamba kuna mizani miwili, na watu wanaichanganya. Kwenye ndege ndogo mzani unalinda roho yako. Kwenye ndege kubwa, mzani na kile kisanduku cha chuma cha kupimia begi ni biashara kwa sehemu kubwa, na usalama kwa sehemu ndogo. Ukijua uko mbele ya mzani upi, utajua ugombane au unyamaze.

Tuanze na ndege ndogo, maana hizo ndizo zinazotua kwenye viwanja vidogo kama chetu cha Ifakara. Chukua Cessna Grand Caravan, ile yenye propela moja puani inayopeleka watu Mafia na kwenye mbuga. Ya kawaida hairuhusiwi kuruka ikiwa imezidi kilo 3,969. Humo weka ndege yenyewe, mafuta, rubani, abiria na mabegi. Piga hesabu: abiria 12, kila mmoja kaficha kilo 10 za ziada. Hizo ni kilo 120. Ni sawa na kumpakia mtu mzima mwingine, tena mnene, ambaye rubani hamjui. Ndo maana kwenye ndege hizi kiwango cha kawaida ni kilo 15 kwa kila kitu, mkoba wa mkononi ukiwemo, na wanataka begi laini la kitambaa. Mizigo mingi inalala kwenye pango lililo chini ya tumbo la ndege, na sanduku gumu la magurudumu halikunjiki likaingia mle. Wakati mwingine wanakupima na wewe mwenyewe. Usinune.

Tena si uzito peke yake, ni pale uzito ulipokaa. Ndege ni kama mtumbwi wa Kilombero: watu wote wakikimbilia upande mmoja, mnakunywa maji. Tarehe 25 Agosti 2010 ndege ndogo aina ya Let L-410 iliyotoka Kinshasa ilianguka ikikaribia kutua Bandundu, Kongo. Kati ya watu 21 akapona mmoja tu. Aliyepona alieleza kwamba abiria mmoja alikuwa ameingia na mamba mdogo ndani ya begi lake, mamba akachomoka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, ndege ikapoteza mizania. Ni maelezo ya shahidi mmoja, kwa hiyo yachukueni hivyo. Lakini fundi yeyote wa ndege atakwambia kwamba jambo hilo linawezekana.

Huko Charlotte, Marekani, ushahidi ulikuwa kamili zaidi. Tarehe 8 Januari 2003 ndege ya abiria 19 aina ya Beechcraft 1900D ilianguka mara tu baada ya kuruka, wakafa wote 21 waliokuwemo. Fundi alikuwa amekosea kurekebisha kamba za mkia. Juu ya hilo, watu na mabegi walikuwa hawajapimwa, walikadiriwa kwa wastani wa kwenye makaratasi, na wastani huo ulikuwa wa zamani. Ndege ilikuwa imezidi uzito na mkia ndio uliolemewa. Baada ya hapo mamlaka ya anga ya Marekani ikapandisha makadirio ya uzito wa abiria. Kwa hiyo dada wa mizani akikwambia toa viatu viwili uache, na ndege ni Caravan, toa viatu.

Haya, sasa ndege kubwa. Huku hadithi ni tofauti.

Zamani tiketi ilikuwa kama sahani ya wali: nyama, maharage na mchuzi vyote ndani ya bei moja. Mwaka 2008 mafuta yalipopanda, mashirika makubwa ya Marekani yakaanza kuuza nyama mbali na mchuzi mbali. American Airlines wakatoza dola 15 kwa begi la kwanza la chini ya ndege kuanzia tarehe 15 Juni 2008. Abiria si wajinga. Kama begi la chini linalipiwa na la mkononi ni bure, kila mtu akaingia na sanduku mkononi. Zile kabati za juu ya viti hazikuundwa kumeza sanduku la kila abiria, zikajaa, watu wakawa wanasukumana kwenye njia, ndege zikachelewa. Shirika la Spirit likaona hapo hapo kuna pesa nyingine: kuanzia Agosti 2010 likatoza hata begi la mkononi linalokwenda kabatini. Yaani walilitengeneza tatizo, halafu wakaliuzia tiketi.

Kwetu somo hilo lililetwa na fastjet. Ndege zao za kwanza ziliruka tarehe 29 Novemba 2012 kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli ikianzia shilingi 32,000 bila kodi. Bei ya ajabu kwa wakati ule. Wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani kwa sababu yake, na wengi walijua siku ile ile kwamba begi lina nauli yake. Fastjet iliacha kuruka hapa nchini mwishoni mwa 2018, lakini desturi ilibaki. Kenya nako Jambojet, mtoto wa Kenya Airways, alianza Aprili 2014 kwa mtindo huo huo.

Je, kwenye ndege kubwa usalama haumo kabisa? Umo. Kabati la juu lina uzito wake wa mwisho, na sanduku la kilo 14 likimwangukia mtu kichwani si mchezo. Mkilazimika kutoka haraka, mabegi njiani yanaua. Hilo silibishi. Ila niwape kisa. Mwaka juzi nilikuwa kwenye foleni ya ndege ya ndani (shirika silitaji) na jamaa wa mbele yangu akazidisha kilo tatu. Akaambiwa alipie. Akafungua begi, akavaa koti, akavaa na jaketi juu ya koti, laptop akaichomeka tumboni, chaja na kitabu mifukoni. Begi likasoma kilo saba na pointi, akagongewa, akapita akitembea kama dubu. Kilo zilikuwa zile zile, mtu yule yule, ndege ile ile. Kama zile kilo tatu zingekuwa hatari kwa ndege, hatari ilikuwa imepanda ikiwa imevaa jaketi. Kwenye Caravan angepandishwa mzanini na majaketi yake yote, hadithi ikaisha.

Kuna mwaka walijaribu kuweka kipimo kimoja duniani. Juni 2015 IATA, chama cha mashirika ya ndege, kilitangaza pendekezo la sentimita 55 kwa 35 kwa 20. Watu wakapiga kelele, hasa Marekani, kwamba wanalazimishwa kununua masanduku mapya. Haikupita hata wiki mbili mpango ukawekwa kando. Kwa hiyo hadi leo kila shirika lina kisanduku chake. Wakati naandika, Air Tanzania, Ethiopian, Emirates na Qatar Airways wanakupa kilo 7 kwenye daraja la kawaida, Kenya Airways wanakupa 12. Mtu anatoka Nairobi na kilo zake 12 kwa raha zote, anaunganisha na shirika jingine kwa tiketi nyingine, anageuka mhalifu.

Na wanaounganisha Ulaya ndio wanaoumia zaidi. Ryanair kuanzia Novemba 2018 anakuruhusu bure mkoba wa kuingia chini ya kiti tu. Mwaka 2025 vipimo vikaongezwa kidogo, vikawa sentimita 40 kwa 30 kwa 20. Hicho ni kibegi cha shule, wadau. Ukizidisha getini unaweza kulipa hadi euro 75, mara nyingi zaidi ya nauli yenyewe. Tena mkuu wao, Michael O'Leary, alitangaza mwaka huo huo kwamba mfanyakazi anayekamata begi lililozidi ataongezewa bonasi, kutoka euro 1.50 hadi 2.50 kwa kila begi, na kikomo cha mwezi kikaondolewa. Yule dada wa getini anayekodolea macho begi lako ana asilimia yake pale. Mwonee huruma, lakini ujue.

Kisheria Ulaya bado wanavutana. Septemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya shirika la Vueling, ilisema begi la mkononi ni sehemu ya lazima ya safari, halipaswi kuongezewa bei mradi ukubwa na uzito wake ni wa kiasi. Kiasi gani? Mahakama haikutaja sentimita, na humo ndimo mashirika yalimojificha. Novemba 2024 serikali ya Hispania ikayapiga faini mashirika matano, jumla euro milioni 179, kwa sababu ya tozo za begi la mkononi na mambo mengine ya namna hiyo. Mashirika yakakimbilia mahakamani kupinga.

Sasa tuje kwako wewe unayesoma hii huku dakika zako zikihesabiwa. Kabla hujafunga hiyo kompyuta, fungua tiketi yako utafute mstari wa mizigo. Ukiona 1PC maana yake ni begi moja la chini, 2PC mawili, 30K ni kilo thelathini. Ukiona 0PC au NIL, huna begi la chini hata moja, hata kama wakala amekwambia usijali. Begi la mkononi mara nyingi haliandikwi pale, lazima uingie kwenye tovuti ya shirika lenyewe, si ya wakala. Kama utahitaji kilo zaidi nunua mapema huko huko mtandaoni, maana kwenye mashirika ya bei rahisi kaunta ni ghali kuliko mtandao, na geti ni ghali kuliko kaunta.

Kipimo chukua futi ya fundi cherehani, upime pamoja na magurudumu na mshikio, kwa kuwa hata wao wanavihesabu. Uzito pitia mashine yoyote ya kukoboa mpunga, mzani upo. Pima begi tupu kwanza: masanduku ya magurudumu yana kilo mbili na nusu, wakati mwingine tatu, kwa hiyo kwenye saba umebakiwa na nne tu. Begi la kitambaa la kuvaa mgongoni halifiki hata kilo moja. Na wakulima wa bonde hili mnaijua lumbesa, lile gunia linaloongezewa kichwa mpaka linakuwa gunia na nusu. Begi la mgongoni likijazwa linafanya hivyo hivyo, linaota kitambi. Kisanduku cha chuma hakikubali lumbesa.

Mchele wa shangazi weka chini ya ndege. Asali nayo chini, kama safari ni ya nje: tangu 2006, baada ya njama ya mabomu ya maji kugunduliwa London, viwanja vingi havitaki chupa ya zaidi ya mililita 100 mkononi, na asali nayo ni kimiminika hata ikiwa nzito namna gani.

Jambo la mwisho. Wakati mwingine kabati zimejaa tu, na begi lako halali kabisa linachukuliwa mlangoni likawekwe chini. Hiyo haipaswi kuwa na malipo kama hukuzidisha. Kabla hujalitoa, chomoa pasipoti, vyeti, dawa na simu. Chomoa na pawabanki pia, hiyo hairuhusiwi kusafiri chini kwa sababu betri yake inaweza kushika moto. Halafu dai kile kikaratasi chenye namba ya begi, ukitie mfukoni kabla hujapanda ngazi.