Leseni ya Biashara: Siku Zinapotelea Wapi?

Mama anayefungua hoteli ndogo huhitaji leseni ya biashara, cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula na ukaguzi wa jengo. Kazi yenyewe ya maafisa ni ya saa chache: kusoma fomu, kukagua jikoni, kutia sahihi. Mbona basi leseni huweza kuchukua wiki? Muda mwingine wote faili huwa limelala. Linasubiri sahihi ya afisa aliye nyanjani, au limerudishwa kwa sababu nakala ya kitambulisho haisomeki.

Ndiyo maana kuhamishia fomu mtandaoni pekee hakutoshi. Fomu ya kurasa sita hubaki kurasa sita hata ikiwa kwenye simu, na foleni huhama tu kutoka dirishani hadi kwenye kompyuta, ambako haionekani. Hatua zenyewe ndizo za kupunguzwa kwanza. Katika mbinu ya kaizen, iliyopata umaarufu kupitia viwanda vya Toyota nchini Japani, watumishi wanaoshika faili kila siku hukaa pamoja, wakaandika kila hatua ukutani na kujiuliza: tukiiondoa hii, nani ataumia? Sahihi ya tatu inayorudia kazi ya ile ya pili huondolewa. Ukaguzi wa jikoni hubaki, maana kuna watu watakaokula pale.

Hapo ndipo mfumo wa mtandao husaidia. Hukataa papo hapo fomu isiyokamilika, humpa mwombaji namba ya kumbukumbu, na huonyesha ombi liko meza gani na tangu lini. Hili la mwisho halipendwi na kila mtu ofisini. Ucheleweshaji hupata mwenyewe, na anayetaka "chai" ili faili lisogee hukosa la kusogeza.

Ukijaziwa fomu kwenye saiba, hakikisha namba ya simu iliyoandikwa ni yako, si ya mhudumu. Ujumbe wa ukaguzi na malipo hutumwa kwa namba hiyo, na wengi hukosa siku ya ukaguzi kwa kosa hilo tu. Usimwachie nywila yako pia.

Ombi likikataliwa, omba sababu kwa maandishi ukitaja namba yako ya kumbukumbu. Haki hiyo imo katika Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010.