Mpeasi wa Wazee Usipotee

Mwenye mpeasi wa kale uani mwake asidhani kuwa akifukia mbegu yake ataupata tena. Mbegu ya peasi haimfuati mamaye. Aghalabu huzaa tunda jingine, dogo na gumu. Njia ni kubebesha: kata kitawi wakati wa baridi, mti ulalapo, majira ya joto yakikaribia, kiunge juu ya mche wa mpeasi, ubichi wa chini ya gamba uguse ubichi, ukafunge barabara.

Peasi la Williams lilianzia Aldermaston, Uingereza, yapata mwaka 1770. Kila mpeasi wa Williams leo ni kitawi kilichotokana na ule wa kwanza.

Basi vijana, mti wa babu ukianza kukauka, msingoje. Kateni kitawi ungali hai.