Nani Amekula Mega Zangu?

Katika maduka ya Kalemie yanayochapa barua, kutoa fotokopi na kuwajazia watu fomu za mtandaoni, intaneti ya kompyuta mara nyingi hutoka kwenye simu ya mwenye duka. Asubuhi ananunua mega za Vodacom, Airtel au Orange, anawasha Wi-Fi ya simu na kuiunganisha kompyuta. Kabla ya adhuhuri ujumbe unaingia: kifurushi kimekwisha. Hakuna aliyepakua filamu wala kufungua YouTube. Mara nyingi mlaji ni Windows yenyewe, iliyokuwa ikijishushia masasisho huku barua ikichapwa.

Windows kwa kawaida huichukulia Wi-Fi yoyote kuwa ni laini isiyo na kikomo. Haijui kwamba nyuma yake kuna simu na mega za kuhesabu. Tangu Windows 10 itoke Julai 2015, mwenye toleo la nyumbani hana tena kitufe cha kukataa masasisho moja kwa moja. Sasisho la mwezi laweza kula mamia ya mega, na yale makubwa ya kubadili toleo hupita giga 3. Mwaka 2016 malalamiko yalitoka kwa majirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwenye mradi wa hifadhi ya wanyama ya Chinko: kompyuta yao ilianza kujishushia Windows 10 kupitia intaneti ya setilaiti, ambayo kila mega yake hulipiwa.

Kinga ya kwanza haigharimu kitu. Ukiwa umeunganishwa na simu, fungua «Paramètres», ingia «Réseau et Internet», kisha sifa za Wi-Fi hiyo, na uwashe «Connexion limitée». Hapo umeiambia Windows kwamba laini hii ni ya kulipia. Sehemu kubwa ya masasisho itangoja ruhusa yako, ingawa machache ambayo Windows inayaona ni ya lazima bado yanaweza kupita. Mpangilio huu hukaa kwenye jina la mtandao mmoja tu. Ukibadili simu, urudie. Humo humo kwenye «Réseau et Internet» kuna «Utilisation des données», orodha inayoonyesha kila programu imetumia kiasi gani. Iangalie kabla ya kuilaumu Windows, maana huenda mlaji ni kivinjari, au OneDrive inayopandisha picha za wateja mawinguni.

Kinga ya pili ni kusimamisha. Kwenye ukurasa wa Windows Update unaweza kuahirisha masasisho kwa wiki moja moja, hadi siku 35. Muda huo ukiisha, utalazimika kuyapokea kwanza ndipo uweze kuahirisha tena. Mwenye toleo la Pro ana nafasi zaidi: anaweza kuiagiza Windows imuulize kabla ya kupakua chochote.

Wapo mafundi wanaokata mzizi kabisa. Wanafungua orodha ya «Services», wanaizima huduma ya Windows Update, na mteja anaondoka akishukuru. Hapo ndipo ninapopinga. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja la usalama. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, virusi vya WannaCry vilipita katika tundu hilohilo, vikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa, na viwanda vya Renault vikasimamisha kazi. Kwa karibu miezi miwili dawa ilikuwepo, lakini mashine nyingi hazikuwa zimeipokea. Na asidhani mtu kwamba intaneti kidogo ni kinga. Kwenye duka la kuchapa, flashi za wanafunzi na za maofisi hupita katika kompyuta ileile kutwa nzima, na kila moja yaweza kuja na virusi vyake.

Kwa hiyo masasisho yaje, ila yaje siku uliyoichagua wewe. Siku hiyo inakadirika. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za makao yake magharibi mwa Marekani. Kwa saa za Kalemie ni saa 1 au saa 2 usiku, kutegemea majira ya kule. Anayenunua kifurushi kikubwa Jumanne hiyo mchana bila kuweka kinga anaweza kuamka Jumatano mega hazipo.

Chagua jioni moja baada ya siku hiyo, umeme ukiwa umetulia au jenereta ikiwa na mafuta. Kompyuta ya mezani haina betri, na umeme ukikatika wakati skrini imeandika usizime mashine, unaweza kukaa saa nzima ukiitazama ikirudisha nyuma mabadiliko, au ikagoma kuwaka kabisa. Nunua kifurushi cha kazi hiyo, ondoa «Connexion limitée» kwa muda, kisha bonyeza mwenyewe kutafuta masasisho. Yale ya hiari yanayojitokeza mwishoni mwa mwezi yaache.

Mwenye kompyuta kadhaa asilipie mzigo mmoja mara kadhaa. Katika «Optimisation de la distribution» ruhusu kupokea kutoka kwa mashine za mtandao wako wa ndani pekee. Anza na moja, na nyingine zenye diski na memori ya kutosha zitachukua kwake sehemu kubwa ya mzigo. Njia nyingine ni kumwomba ndugu aliyeko Lubumbashi mwenye laini nzuri akupakulie faili la sasisho kwenye Microsoft Update Catalog, alete kwa flashi. Mpe namba ya toleo lako la Windows, maana faili la toleo jingine halitakubali.

Na kama mashine yako bado ni ya Windows 10, ujue msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ambayo haikuandikishwa kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya nyongeza ya usalama haitakula mega zako kwa masasisho ya kila mwezi, lakini pia hakuna tundu jipya litakalozibwa. Ikiwa ndiyo unayotunzia hesabu za duka, weka nakala ya mafaili kando tangu leo, kisha uanze kuweka akiba ya nyingine.