Kina cha Tofali Katika Mchoro wa Kompyuta

Asafiriye kwa barabara kuu kutoka Makambako kwenda Mbeya hupita Igawa, kando ya mto Mbarali. Katika nyanda hizi nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya udongo yaliyochomwa. Ukuta wa namna hiyo unaotazama mashariki hubadilika sura kwa saa. Asubuhi nuru huupiga usoni, nao huonekana bapa kama ubao. Saa sita mchana inapokaribia, nuru hushuka ikiuambaa ukuta. Ndipo kila tofali hutupa kivuli chembamba kwenye kiungo kilicho chini yake, na macho hutambua kina.

Msanifu wa majengo achoraye kwa kompyuta hukabiliwa na tatizo hili. Akibandika picha ya matofali juu ya ukuta wa mchoro, vivuli vilivyomo katika picha havihami hata jua la mchoro likihamishwa. Kuchora kila kiungo na kila ufa kwa umbo lake kamili nako huielemea mashine.

Njia ya kukwepa mzigo huo ilielezwa na James Blinn wa Marekani mwaka 1978. Msingi wake ni kanuni ya Lambert ya mwaka 1760: mwangaza wa uso usiong'aa hufuata kosaini ya pembe iliyo kati ya mwelekeo wa nuru na mstari unaosimama pembemraba juu ya uso huo. Pembe ikiwa nyuzi 0, mwangaza ni kamili; ikiwa nyuzi 60, ni nusu. Kompyuta hupewa picha ya vimo, ambamo nyeupe ni palipoinuka na nyeusi ni palipobonyea. Hulinganisha kimo cha kila nukta na cha jirani zake, hupata mteremko, kisha huuinamisha mstari ule kwa kadiri hiyo. Uso wenyewe hausogei. Hesabu ya mwangaza tu ndiyo inayobadilika.

Hila hii ina kasoro. Ukingo wa ukuta hubaki umenyooka kama rula, na tofali lililotokeza halitupi kivuli juu ya kiungo. Mwaka 1984 Robert Cook alieleza njia ya kuzisogeza nukta zenyewe za uso, ambayo hutoa kina halisi kwa hesabu nyingi zaidi.

Jambo hili si pambo tu. Mchoro huonyeshwa kabla ya tanuri kuwashwa, na watakaolipia kuni na saruji huutazama ili waamue kama ukuta uachwe wazi au upigwe lipu. Mchoro usiofuata jua la mahali huwachagulisha ukuta ambao hawatauona kamwe. Wanafunzi waweza kulithibitisha kwa tofali moja na kurunzi katika chumba chenye giza: kwanza wakilimulika usoni, kisha ubavuni.