Sumaku juu ya kichwa: namna waganga wanachunguza ukumbusho

Mama, jina la mtoto wako unalijua bila kufikiri. Lakini siku ya kumrudisha kwa kupimwa uzito, uliyoambiwa juzi tu, imepotea. Ukumbusho unakaa wapi ndani ya kichwa?

Zamani, kugusa ubongo wa mtu mwenye uhai ilikuwa lazima kumpasua kichwa. Mganga Wilder Penfield wa Montreal, katika Kanada, aligusa ubongo wa wagonjwa wa kifafa kwa umeme kidogo wakati wa kuwapasua, nao wakiwa macho. Wengine walisema wanasikia ao wanaona mambo ya zamani. Lakini mtu asiye mgonjwa, nani atakubali kisu?

Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walionyesha njia nyingine. Uzi wa shaba uliozungushwa unawekwa juu ya kichwa. Umeme unapita ndani yake kwa ghafula, uzi unakuwa sumaku kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nguvu ile inapita mfupa na kuamsha umeme kidogo ndani ya ubongo. Wakiweka pahali panapotawala mkono, mkono unashtuka wenyewe! Hapana damu. Mtu anasikia tu kama kidole kinamgonga-gonga.

Sasa, kukumbuka kunategemea sana sehemu inayoitwa hipokampo. Iko ndani sana, sumaku haifiki. Basi mwaka 2014 Joel Voss na wenzake wa Chicago walipitia kwa jirani: sehemu ya juu, nyuma ya sikio, inayosemezana na hipokampo. Watu 16 wazima waliwekewa sumaku dakika 20 kwa siku, siku 5. Kisha walijaribiwa kukumbuka neno lililofungwa na kila sura ya mtu. Walikumbuka vizuri kuliko walipowekewa sumaku ya kuigiza tu. Ni kusema hipokampo haifanyi kazi peke yake.

Hii iko kazi ya kujifunza, si dawa ya kusahau. Mtu akikuuzia sumaku ya kufunga kichwani mwa mtoto ili ashinde shuleni, chunga feza yako: sumaku ya kawaida imetulia, haiamshi kitu. Na mashine yenyewe inaweza kuleta kifafa, kwa hiyo waganga wanauliza kwanza kama mtu aliwahi kuanguka, ao ana chuma ndani ya kichwa. Mtoto wako wa kifafa, yeye aendelee na vidonge vyake kila siku, hata kama hajaanguka miezi mingi. Usivikate mpaka umeuliza mganga.