Mtindo mmoja wa kurasa hupunguza gharama za tovuti

Wafanyabiashara wanaouza kwa njia ya tovuti wanashauriwa kumuuliza fundi swali moja kabla ya kumlipa: rangi, herufi na vitufe vya kurasa vimepangwa wapi?

Kurasa nyingi hutengenezwa kwa programu za kuhariri kama Elementor. Kila mhariri akijichagulia rangi na herufi zake, ukurasa wa bei haufanani na wa malipo, na mteja huanza kushuku utapeli.

Dawa ni kuweka kanuni zote katika faili moja la CSS, lugha ya mitindo ya kurasa iliyoidhinishwa mwaka 1996. Seti zilizo tayari zipo. Bootstrap, iliyoanzia Twitter na kutolewa mwaka 2011, haina malipo, na hugawa ukurasa katika safu wima 12. Kitufe kikipewa jina lake la mtindo, hupata sura ileile katika programu yoyote. Rangi ya kampuni ikibadilika, hurekebishwa mahali pamoja, si ukurasa kwa ukurasa.

Hadhari: seti mbili katika tovuti moja hugongana na kuchelewesha kurasa kwenye simu. Chagua moja, na nakala ya faili ikae kwa mwenye duka.